Vifaru vingi havikufa kwa kombora, vilifia kwenye gia: historia ya vifaru kwa jicho la fundi katapila

Fundi Katapila (mleta mada):

Wakuu, salaam.

Nyuzi za vifaru humu nimezisoma nyingi na zote zinazunguka pale pale: unene wa chuma, ukubwa wa mtutu, nani anampiga nani. Tiger ya Wajerumani na T-34 ya Warusi zinabishaniwa kama Simba na Yanga. Swali ambalo mimi lingenitoka mdomoni kabla ya yote sijaona mtu akiliuliza: kikiharibika, nani anakitengeneza, na spea anazitoa wapi?

Mimi kazi yangu ni mitambo mizito: katapila, greda, vijiko. Masika moja tulikuwa porini kwenye kazi ya barabara, katapila likachomoa cheni kwenye tope, limelala upande kama nyati aliyechoka. Watu sita, jeki mbili, nyundo kubwa, mataruma ya kuwekea jeki isizame. Tumeanza saa mbili asubuhi, cheni imerudi saa kumi na moja jioni. Na hakuna aliyekuwa anatupiga risasi! Nikiwa nimelala chali chini ya mashine ile, tope linaingia shingoni, nikawaza: hawa jamaa wa vitani walikuwa wanafanyaje kazi hii? Ndiyo nikaanza kusoma, na sijaacha.

Nianze na jina maana lina utamu wake. Sisi tunasema kifaru, kwa sababu ya umbo na ubabe. Waingereza waliokitengeneza walikiita tanki, tanki hili hili la maji. Mwaka 1915 na 1916 mradi ulikuwa siri kubwa, wafanyakazi kiwandani wakaambiwa wanaunda vyombo vya kubebea maji jangwani Mesopotamia. Uongo ukanoga mpaka ukawa jina la kudumu. Mimi naona letu ndilo jina la kweli zaidi, kwa sababu ambayo hata aliyelitunga sijui kama aliiwaza: kifaru mnyama haoni vizuri. Ana nguvu, ana ngozi, ana hasira, ila macho hakuna. Kifaru cha chuma ni vile vile. Ukishafunga milango, dunia yako nzima ni ufa wa kuchungulia.

Sasa shida iliyokizaa. Mwishoni mwa 1914 vita ya Ufaransa iliganda. Mahandaki kutoka baharini hadi mpaka wa Uswisi, mbele yake senyenge, nyuma ya senyenge bombom. Askari akinyanyuka tu, kafyekwa. Ofisa mmoja wa Uingereza, Ernest Swinton, alikuwa anazijua trekta za Kimarekani za Holt, zile zenye cheni, zilizokuwa zikivuta mizinga mizito. Wenzangu wa gereji mshaelewa: Holt ndiyo hiyo katapila. Wazo likawa rahisi. Kama inapita shambani na kwenye tope, ivalishe chuma, ipite kwenye senyenge.

Kazi ikaenda mji wa Lincoln, kwenye kiwanda cha mashine za kilimo cha William Foster. Wahusika wakuu wawili, William Tritton mkurugenzi wa kiwanda na Luteni Walter Wilson. Na tatizo lililowatoa jasho halikuwa bunduki wala chuma. Lilikuwa CHENI. Waliagiza cheni za trekta kutoka Chicago, wakazifunga, mashine ikifika kwenye mtaro cheni inalegea kwa chini, inatoka kwenye njia yake. Wakajaribu nyingine za mkanda, zikafa kwenye majaribio. Tritton akakaa, akabuni pingili za bamba la chuma lililokandamizwa, zenye kingo zinazoshika reli ya pembeni ili cheni isining'inie. Tarehe 22 Septemba 1915 wakapeleka simu London kwa mafumbo, kama watu wanaotangaza mtoto: yule wa mkanda amefariki, amezaliwa mwingine kwa Tritton, mwepesi lakini ana nguvu sana, wazazi wanajivuna.

Mimi kwangu kifaru kilizaliwa siku hiyo. Mzinga ulikuwepo tayari, injini ilikuwepo, chuma cha kuzuia risasi kilikuwepo kwenye meli. Kilichokosekana ni cheni isiyochomoka.

Nakula kwanza, naendelea.

Mjukuu wa Keya:

Nimeweka kiti. Mkuu usitukimbie kama wale wa "itaendelea" halafu mwaka unaisha.

Dada Mpenda Vita:

Hatimaye uzi wa vifaru ambao haujaanza na Hitler. Endelea fundi.

Fundi Katapila:

Nimerudi.

Mark I, kifaru cha kwanza kuingia vitani. Tani 28. Injini ya Daimler ya nguvu farasi 105. Piga hesabu wenyewe, hiyo ni nguvu ya gari dogo la leo inaburuta tani 28! Kasi yake kwenye ardhi nzuri ni ya mtu anayetembea haraka, kama kilomita 6 kwa saa. Walikuwepo madume na majike, ndivyo walivyoviita wenyewe: dume ana mizinga miwili ubavuni, jike ana bombom tupu.

Ndani watu wanane, na injini imekaa katikati yao, haina hata ukuta. Ngojeni niwaingize ndani kidogo. Dereva hawezi kukata kona peke yake. Mbele amekaa yeye na kamanda, kamanda anashika breki. Nyuma kuna vijana wawili, kila mmoja na gia ya cheni ya upande wake. Ukitaka kukata kona kali unasimama. Dereva anagonga kifuniko cha injini kwa spana, maana kusikilizana hakuna, halafu anaonyesha kwa vidole. Kijana wa upande mmoja anatoa gia, wa pili anaweka, kamanda anakaba breki, ndipo dubwana linageuka. Watu wanne kwa kona moja. Joto ndani linakaribia nyuzi 50, moshi wa ekzosi unavuja, watu wanatapika, wengine wanazimia. Risasi zikigonga nje, vipande vya chuma cha moto vinaruka ndani, ndiyo maana walipewa barakoa zenye nyavu za chuma kuficha uso.

Na tanki za mafuta zilikuwa mbele, juu, huku na huku ya dereva, petroli inashuka yenyewe kwa mteremko. Kifaru kikiinamisha pua kwenye shimo, mafuta hayafiki kwenye injini, inazima. Yaani chombo kilichoundwa kuvuka mahandaki kinazimika kikiwa ndani ya handaki. Toleo la Mark IV ndilo lililohamishia tanki nyuma.

15 Septemba 1916, Flers na Courcelette, vita ya Somme. Vilitengwa vifaru 49. Vilivyofika tu kwenye mstari wa kuanzia vilikuwa 32. Sijasema vilivyofika kwa adui, nimesema MSTARI WA KUANZIA. Kumi na saba vilikwama au kuharibika njiani kwenda kazini, kama mfanyakazi wa Mbagala siku ya mvua. Vilivyobaki vingine vikafia katikati. Vichache vilifika, na kijiji cha Flers kilichukuliwa, Wajerumani waliokutana navyo wakapata hofu ambayo hawajawahi kuijua. Magazeti ya Uingereza yakashangilia. Mafundi nadhani hawakushangilia, walikuwa wanatafuta spea.

Cambrai sasa, 20 Novemba 1917. Hapa ndipo ninapowapenda. Safari hii walichagua ardhi kavu, isiyotifuliwa na mizinga. Vifaru 476 kwa jumla, pamoja na vya kubeba mizigo na vya mawasiliano. Jenerali wao, Hugh Elles, hakubaki nyuma na ramani, alipanda mwenyewe kifaru kilichoitwa Hilda. Handaki za Wajerumani pale zilikuwa pana mno kwa kifaru kuvuka, basi kila kimoja kilibeba juu ya paa mzigo mkubwa wa fito zilizokazwa kwa cheni. Kikifika ukingoni kinauachia, unaangukia ndani, kinapita juu. Kama tunavyotupia magogo kwenye korongo lori lipite, ni ujuzi ule ule.

Asubuhi moja wakasonga kilomita nane hivi, mahali ambapo kipimo cha kusonga kilikuwa mita. Uingereza makanisa yakapiga kengele.

Jioni wakahesabu. Vifaru 179 havifanyi kazi. Vilivyopigwa na adui: 65. Vilivyoharibika vyenyewe: 71. Vilivyokwama kwenye mitaro na mashimo: 43.

Isomeni tena. 71 na 43 ni 114. Tope na gia viliua karibu mara mbili ya mizinga ya Wajerumani, siku ambayo kifaru kilishinda kuliko siku yoyote kabla yake. Siku kumi baadaye, tarehe 30, Wajerumani wakajibu mapigo na kurudisha sehemu kubwa ya ardhi ile.

Hesabu hii ndiyo iliyonifanya nilete uzi.

Mzalendo Halisi:

Mkuu unawashushia hadhi wanajeshi. Wale waliokuwa ndani walikufa mashujaa, wewe unaongelea grisi.

Fundi Katapila:

Mzalendo, siwashushii hata kidogo. Mtu aliyekubali kuingia kwenye sanduku lile akijua uwezekano wa kuzima katikati ya uwanja ni mkubwa kuliko wa kufika, huyo ndiye shujaa hasa. Ninaowasema ni wale wanaosimulia vita kama vile mashine hazili wala hazichoki.

Mwalimu wa Sarufi:

Naomba kuchomekea. Kifaru mnyama ni "kifaru amekufa", kifaru cha vita ni "kifaru kimekufa". Nimeona nyuzi humu watu wanaandika "vifaru wa Urusi wamechomwa", nikadhani ni ujangili.

Mjukuu wa Keya:

🤣🤣🤣 Mwalimu kaingia na rula yake.

Fundi, Wajerumani hawakuwa na vyao vita ya kwanza?

Fundi Katapila:

Walikuwa navyo, ila walichelewa. A7V, ishirini tu walivyounda wenyewe. Dubwana refu, watu 18 ndani, ukiliona utadhani kontena limevaa cheni na cheni zenyewe fupi. Vifaru kwa vifaru vilikutana kwa mara ya kwanza Villers-Bretonneux, 24 Aprili 1918. Waingereza watatu, wawili wao majike ambao bombom zao hazikuweza kutoboa kitu, wakarudi nyuma. Dume mmoja, kamanda wake Frank Mitchell, akabaki akapambana na A7V iliyoitwa Nixe, akaipiga, watu wake wakashuka.

Ila kwangu mshindi wa vita ile ni kifaru kidogo cha Kifaransa, Renault FT. Watu wawili, tani 6 na nusu. Dereva mbele, injini nyuma imetengwa na watu, juu kichwa chenye mzinga kinachozunguka pande zote. Angalia kifaru cha leo chochote, karibu vyote vimepangwa hivyo hivyo. Na kwa kuwa kilikuwa kidogo kilibebeka kwenye lori, kifaru hakitembei kwa miguu yake mpaka vitani kikamaliza cheni njiani. Lobedi ya leo, lile trela la chini la kubebea mitambo, inafanya kazi hiyo hiyo.

Miaka ya kati naipita, kila nchi ilijaribu ya kwake na nyingi zilikuwa takataka.

Dada Mpenda Vita:

Usipite Wafaransa wa 1940 tafadhali. Watu wanasema walikimbia, wakati vifaru vyao vilikuwa vizito kuliko vya Mjerumani.

Fundi Katapila:

Dada umegonga penyewe. Kifaru chao kizito, Char B1 bis. Tarehe 16 Mei 1940 kijiji cha Stonne, kapteni Pierre Billotte akaingia na kifaru kimoja kilichoitwa Eure, akakuta msafara wa Wajerumani umepangwa barabarani. Akapiga wa mbele, akapiga wa nyuma, halafu waliobaki katikati mmoja mmoja. Vifaru 13. Kilipotoka kilikuwa na alama 140 za makombora, hakuna hata moja lililotoboa.

Sasa mbona walishindwa? Siku moja kabla yake, 15 Mei, karibu na Flavion huko Ubelgiji, vifaru vya aina hiyo hiyo vya divisheni nyingine vilikamatwa na Wajerumani vikiwa vinasubiri au vinajaza MAFUTA. B1 ilikuwa inabugia petroli, na magari ya mafuta yalikuwa nyuma ya msafara. Wamesimama, injini baridi, jenerali wa Kijerumani Rommel huyo na vifaru vyake.

Halafu mpangilio wa watu. Kwenye kichwa cha B1 anakaa kamanda peke yake. Anatafuta adui, anajaza kombora, analenga, anapiga, anaamrisha, na anatakiwa awaangalie wenzake wanafanya nini. Kwenye Panzer III ya Mjerumani kazi hiyo wanafanya watatu, na kamanda ana redio, maikrofoni imefungwa shingoni, anaongea na kundi zima. Chuma chembamba chenye masikio kiliwashinda wanene wasiosikilizana.

Mzee wa Panzer:

Sasa hapo tumefika kwetu. Tiger na Panther utazisemaje? Hakuna mashine bora kama ile. Mzinga wa Tiger wa 88 mm ulikuwa unawatoboa Warusi na Wamarekani kilomita mbili.

Fundi Katapila:

Mzee wangu shikamoo kwanza. Nilijua utakuja.

Panther ni mashine nzuri SANA ikiwa imesimama. Mzinga mzuri, chuma cha mbele kimelala vizuri, kombora linateleza. Tatizo lake liko pale ambapo mimi na wewe tukinunua gari la mtumba tunachungulia mwisho. Ilichorwa iwe kama tani 35. Wakubwa wakaongeza chuma, wakaongeza tena, ikafika tani 45. Gia ya mwisho, ile inayopokea nguvu zote kuipelekea sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni), ilibaki ya mashine nyepesi, na meno yake yalikatwa ya moja kwa moja kwa sababu mashine za kukata meno bora zaidi zilikuwa adimu Ujerumani. Aliyewahi kubadilisha gia za nyuma za fuso iliyozidishiwa mzigo anajua kinachofuata. Wafaransa walizitumia Panther chache baada ya vita, na ripoti yao ya 1947 ilisema gia hiyo ilidumu wastani wa kilomita 150. Hiyo haifiki Dar mpaka Morogoro! Unatoka Ubungo, unaishia Bwawani unaita fundi.

Kursk huko Urusi, Julai 1943. Hitler alichelewesha mashambulizi kusubiri Panther. Zikaja 200. Mbili ziliungua zenyewe baada tu ya kushushwa kwenye treni, adui hajaonekana. Mapigano yalianza tarehe 5. Jioni ya tarehe 10 zilizokuwa mbele zikifanya kazi ni kama kumi. Mabomu ya ardhini na mizinga ya Warusi vilichukua sehemu yake, sikatai, lakini nyingi zilikuwa zimelala na injini na gia.

Tiger nayo. Tani 57. Magurudumu yake yamepandana kama sahani kabatini, ili uzito usambae, na kweli ilikuwa inatembea laini. Sasa gurudumu la ndani likiharibika unafungua ya nje kwanza, moja baada ya jingine, ndipo umfikie mgonjwa. Kipupwe cha Urusi tope linaingia katikati, usiku linaganda kuwa jiwe, asubuhi kifaru hakisogei. Ikiharibika, amri ilikuwa Tiger isivute Tiger mwenzake, maana mtakuwa na wagonjwa wawili. Inatakiwa matrekta matatu makubwa ya tani 18 kila moja. Mko vitani, mnarudi nyuma, matrekta matatu unayatoa wapi? Basi wanaweka baruti wanailipua wenyewe. Na kupanda treni ilibidi wavue cheni pana wavalishe nyembamba, wakishuka wavue tena wavalishe pana. Kila safari! Mimi ningeacha kazi.

Zilitengenezwa Tiger 1,347, basi. T-34 mpaka vita inaisha zilikuwa zimezidi 50,000. Sherman ya Wamarekani kama 49,000.

Mzee wa Panzer:

Marahaba. Lakini wingi siyo ubora. T-34 ilikuwa bati.

Fundi Katapila:

T-34 ya 1941 ilikuwa na gia boksi mbovu mzee, hapo sikubishii. Zipo picha za wakati ule, wamefunga gia boksi ya akiba juu ya mgongo wa kifaru, wanaondoka nayo kama mama na mtoto. Hebu liangalie hilo kwa jicho la gereji: mtu anaijua mashine yake itafia wapi, anabeba dawa. Cheni zake zilikuwa pana, kwenye theluji na tope inaelea wakati wenzake wanazama. Injini ya dizeli nguvu farasi 500. Na iliundwa wapi? Stalingrad ilikuwa inatoka kwenye kiwanda cha MATREKTA. Kiwanda cha Kharkov kilifunguliwa boliti kwa boliti 1941, kikapandishwa treni mpaka Nizhny Tagil kwenye milima ya Ural.

Sherman ndiyo mashine ambayo mimi ningeomba nipewe. Siyo kwa vita, kwa kazi. Pua yake yote ya mbele imefungwa kwa boliti. Gia imekufa? Fungua, vuta nje, weka nyingine, kesho imeondoka. Ipo Sherman M4A4 ambayo walikosa injini, wakachukua injini TANO za magari ya Chrysler za silinda sita, wakaziunganisha ziwe moja. Silinda 30. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka nikidhani ni mzaha wa mafundi wa Gerezani. Na ilifanya kazi.

Mizinga mikubwa iliua Sherman nyingi sana, Normandia hasa. Lakini vita haiishi saa sita mchana. Jioni, aliyebaki amekalia uwanja ndiye mwenye gereji. Anavuta zake zilizopigwa, anaziba tundu, anaosha damu (samahani wakuu ila ndivyo ilivyokuwa), anaweka vijana wapya. Anayerudi nyuma, hata kilichokatika cheni tu amekipoteza moja kwa moja. Mwaka 1973 kwenye miinuko ya Golan, Waisraeli wachache, vifaru karibu 180 mwanzoni dhidi ya Wasyria zaidi ya 1,000, sehemu ya siri yao ilikuwa hiyo: usiku mafundi wanavuta na kutengeneza, asubuhi kifaru cha jana kinarudi mstarini. Kwa Msyria ni kama anapigana na maiti.

Kijana wa Tabata:

Swali la kijinga, wanajisaidiaje humo ndani?

Dada Mpenda Vita:

Nilikuwa nasubiri nani atauliza.

Fundi Katapila:

Ganda tupu la kombora, kijana, halafu unamwaga nje kwa uangalifu mkubwa. Waingereza baada ya vita kuu ya pili waliweka ndani ya Centurion jiko la umeme la kuchemshia maji, kwa sababu askari walikuwa wanashuka kupika chai na kuuawa.

Mtoto wa Kyaka:

Mkuu umetisha, ila umeruka nyumbani. Sisi wa Kagera tulikuwa navyo mlangoni.

Mtakumbuka Amin alivyovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, akajitangazia mpaka mpya Mto Kagera. Daraja la Kyaka walijaribu kulipiga kwa ndege wakakosa, ikabidi waweke baruti, likaanguka tarehe 3 Novemba. Sasa fikiria kwa jicho lako hilo la fundi: JWTZ ilikuwa na vifaru vya Kichina, Type 59 tani 36 na vile vyepesi Type 62 tani 21. Mto uko pale. Kifaru hakiogelei! Kazi ya kwanza ikawa ya wahandisi, kutega daraja la muda. Baba yangu mdogo alikuwa mgambo, anasema kishindo anachokikumbuka kuliko mabomu ni cha cheni kwenye mbao, kila mtu kashika pumzi kimoja kinapovuka, halafu kingine.

Na magari ya kubeba watu na vyakula, mengi yalikuwa malori na mabasi ya raia yaliyochukuliwa nchi nzima. Waliokuwepo wanajua.

Halafu Lukaya, Machi 1979. Pale barabara ya Masaka kwenda Kampala inapita katikati ya kinamasi cha mafunjo, kilomita nyingi, kulia maji kushoto maji. Walibya wakaja na vifaru vya Kirusi T-55 na mizinga ya roketi ya Katyusha kumsaidia Amin. Jioni ya tarehe 10 brigedi ya 201 ilipigwa roketi, vijana wengi wapya, wakatawanyika. Kilichowaokoa ni brigedi ya 208 ya Mwita Marwa iliyokuwa imezunguka upande wa pili, ikatembea usiku kurudi na alfajiri ikapiga ubavuni. T-55 ni mashine nzuri kuliko nyingi, lakini juu ya tuta la lami katikati ya kinamasi itageukia wapi?

Fundi Katapila:

Mtoto wa Kyaka, asante sana. Hilo la cheni juu ya mbao nimelisikia mwilini. Nimewahi kuvusha katapila kwenye daraja la magogo na nilishuka nikaongoza kwa mikono nikiwa ng'ambo, siyo juu yake 😅.

Na Type 59 ni T-54 ya Kirusi iliyounganishwa China, kwa hiyo Lukaya ni kama ndugu wa baba mmoja walikutana.

Kijana wa Tabata:

Na sasa hivi droni zimemaliza vifaru, siyo?

Fundi Katapila:

Sijui kama zimemaliza, maana kila kitu tangu 1918 kimetangazwa kwamba kimemaliza kifaru: mizinga ya kutobolea chuma, RPG, yale makombora ya waya waliyotumia Wamisri Sinai 1973. Ukraine droni zimefanya kazi kubwa kweli, mpaka watu wanachomelea vyuma juu ya vifaru kama vizimba vya kuku. Lakini angalia video kwa makini. Mara nyingi kifaru kwanza kinakatwa cheni, kwa bomu la ardhini au droni ya kwanza. Kimesimama. Ya pili ndiyo inakuja kukichoma taratibu. Na T-72 makombora yake yamepangwa duara chini ya miguu ya askari, yakishika moto kichwa kizima kinaruka juu.

Na msisahau Februari na Machi 2022, msafara mrefu wa Warusi kaskazini ya Kyiv umesimama siku kwa siku, mafuta, tairi, tope la mwisho wa kipupwe. Wakulima wa Ukraine wakawa wanakuja na matrekta ya shambani kuvuta magari ya deraya yaliyotelekezwa. Holt alianza na trekta, na trekta ndiyo imekuja kuchukua maiti.

Mjukuu wa Keya:

Abrams, kile kifaru cha Wamarekani, inakula ngapi kwa kilomita? Nataka kununua 😂

Fundi Katapila:

Ina injini ya tabaini (turbine) kama ya helikopta, nguvu farasi 1,500. Tanki lake ni lita 1,900 hivi na inakwenda kilomita 426. Karibu lita nne na nusu kwa kilomita. Dar hadi Moro andaa lita 850, na usimamishe njiani kula mahindi, maana ikiwa imesimama inaunguruma inakunywa tu.

Mzee wa Panzer:

Fundi, umenivunjia Panther yangu lakini nimekuelewa. Swali la mwisho: hiyo cheni inachomokaje hasa? Maana umeisema mara ishirini.

Fundi Katapila:

Mzee, cheni inanyooka ikitumika. Pini inalika, tundu lake linalika, kila pingili inaongezeka unyoya tu, lakini pingili ziko nyingi, ukijumlisha unapata cheni iliyolegea. Sasa ukate kona kali kwenye mteremko, au urudi nyuma ukiwa unakata kona kwenye tope, tope linajaa kati ya sproketi na cheni, meno yanapanda juu ya pini badala ya kuingia, na upande mmoja umeshatoka. Dawa ni kuikaza kila jioni, na siyo kuikaza mno, maana ikibana inakula fainodraivu, ile gia ya mwisho. Sisi tunalaza ubao juu ya cheni kutoka rola ya juu mpaka gurudumu la mbele, tunapima imezama kiasi gani. Kijana wa 1917 alifanya kazi hii gizani kabla ya Cambrai, bila tochi, maana ukiwasha taa unapigwa.

Kesho alfajiri nina katapila la D8 lenye sproketi iliyoliwa meno kama msumeno wa zamani. Nikirudi nitajibu waliobaki.